H ya Hai, M ya Mzima

Siku waliyoniaga kazini walinipa saa ya ukutani na keki, na meneja akasoma hotuba iliyotaja vyeo vyangu vyote kwa mpangilio. Vyeo hivyo mnaweza kuvisoma kwenye jalada langu, havina hadithi. Ninachotaka kuwaandikia ninyi mliobaki mbele ya skrini ni mambo ambayo hotuba iliyaruka: jinsi watu wazima walivyovua makoti wakigombania majina ya fildi, na jinsi herufi moja ilivyowaua wanachama wa Kitale kwa wingi kuliko ugonjwa wowote ninaoujua.

Chama chetu cha ushirika sitakitaja jina. Baadhi ya wakurugenzi wake wa zamani bado wako hai, angalau kwa kumbukumbu zangu. Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza. Mkulima alileta mahindi yaliyokauka, sisi tukayaweka ghalani yasiliwe na fukusi, naye akaja kuyachukua kidogo kidogo miezi ya njaa inapoingia. Tulikuwa na ghala moja Kitale na lingine Bungoma, na kila ghala lilikuwa na meneja aliyeamini kwamba lile lingine ni tawi lake.

Niliingia katikati ya miaka ya themanini, nikitoka kusomea upigaji chapa Eldoret. Siku ya kwanza nilivuliwa viatu. Chumba cha kompyuta kilikuwa na zulia, pazia zito na kiyoyozi, na mlangoni palikuwa na sanduku la ndara za mpira, kwa sababu waliotuuzia mashine walisema vumbi ni adui yake. Kitale wakati wa mavuno ni vumbi na makapi matupu, kwa hiyo tuliitunza ile mashine kama mtoto njiti. Yenyewe ilikuwa na kiyoyozi; sisi tulikuwa na mafua. Mtu wa pekee aliyeruhusiwa kuingia na viatu alikuwa mwenyekiti wa chama. Vumbi lake, nadhani, lilikuwa na cheo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Odera, mtu mwembamba aliyejaza kalamu mfuko wa shati na hakuwahi kuazima mtu hata moja. Alichukua karatasi iliyokwisha kuchapwa, akaigeuza, akachora visanduku mgongoni.

"Rodah, hiki kisanduku kinaitwa fildi. Kila fildi ina jina lake, ina aina yake, na ina upana wake. Aina ndiyo inaiambia kompyuta kama ni namba, ni herufi au ni tarehe. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

"Hujaelewa, lakini utaelewa. Kompyuta ni kama karani mpya anayeogopa kuuliza. Ukiiambia hii ni herufi, itaifanya herufi mpaka ikufe. Sasa wakubwa wetu watapigania jina, kwa sababu jina linaonekana. Aina haionekani. Na ndiyo inauma."

Iliuma mwaka uleule. Fildi ya magunia ilikuwa imeundwa na kijana wa kampuni iliyotuuzia mashine, naye kwa haraka zake aliifanya ya herufi badala ya namba. Kwa macho huoni tofauti. Tisa ni tisa. Lakini ukiiambia kompyuta ipange herufi, inatazama ile ya mbele kwanza, kama kamusi inavyopanga maneno, na 9 inaishinda 8 hata kama nyuma ya hiyo 8 kuna sufuri mbili. Mkutano mkuu ulipofika, mwenyekiti aliagiza kompyuta imteue mkulima bora, ili watu waone maendeleo. Kompyuta ikamteua mzee mmoja wa kando ya mlima aliyeleta magunia tisa. Wenye mamia walikuwa wameketi mstari wa mbele, wamevaa tai.

Bwana Odera alipanda jukwaani upande wa nyuma, akamnong'oneza mwenyekiti kwamba kuna kosa. Mwenyekiti akamjibu bila kunong'ona, "Kompyuta haikosei, Odera. Mtu ndiye anakosea." Mzee akapewa wilibaro. Akaomba nafasi ya kusema, akatueleza siri ya kilimo chake kwa kirefu, na niliwaona wenye mamia wakitoa kalamu na kuandika.

Kesho yake Odera aliigeuza ile fildi kuwa namba. Habari zikaenea ofisini kwamba namba ni bora kuliko herufi, na kila mkuu akataka yake iwe namba. Hivyo ndivyo shamba 12B lilivyopoteza B yake, na mashamba mawili ya ndugu wasiosalimiana yakawa moja. Tulichukua muda kuwatenganisha. Wao wenyewe walikuwa wametengana zamani bila msaada wa mashine.

Odera alihamia Nairobi miaka ya themanini ilipokuwa inaisha. Aliniachia kalamu moja, nikajua ni kwaheri ya kweli.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini ndipo likaja wazo la kuunganisha Kitale na Bungoma. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na nalisema bila kejeli. Wakulima wengi walilima Trans-Nzoia huku kwao kukiwa upande wa Bungoma. Waliweka mahindi Kitale wakati wa mavuno kwa sababu ghala lilikuwa karibu na shamba, lakini njaa iliwakuta nyumbani, na nyumbani ghala la karibu lilikuwa Bungoma. Basi ikaamuliwa faili la wanachama likae kwenye diski kubwa ya Kitale, na kompyuta ya Bungoma ilifikie kwa laini ya simu, isome na kuandika humo humo. Anayeweka Kitale achukue Bungoma. Leo mnafanya hivyo mkiwa mnatafuna karanga. Wakati ule kulikuwa na modemu, kisanduku kilicholia kama paka aliyebanwa na mlango, na Bungoma wakipiga tulinyamaza wote, maana palikuwa na imani kwamba kikohozi kinaweza kukata laini.

Mwenzangu wa Bungoma alikuwa Protus, kijana mnene mwenye kicheko cha kusikika nje ya ukuta. Kama wengi wa kwao, alizibadilisha l na r bila kujali. Mimi kwake nilikuwa Lodah mpaka nilipostaafu.

"Lodah," aliniambia kwa simu, "hizi kompyuta zetu haziwezi kusomana bila makubaliano. Lazima tuandike kila fildi jina rake na aina yake, pande zote zifuate."

Makubaliano hayo yalihitaji itifaki, na itifaki ikahitaji kamati. Tungeiandika mimi na Protus kwa chai moja, lakini wakubwa walipopata habari kwamba kuna kitu kinapewa jina, walikuja wote. Sisi wawili tuliambiwa tukae pembeni tuandike. Kusema kulikuwa kwa wajumbe.

Ajenda ya kwanza ilikuwa jina la fildi ya mwenye mahindi. Meneja wa Kitale, Bwana Kirwa, alitaka MKULIMA. Meneja wa Bungoma, Bwana Wasike, alitaka MWANACHAMA.

"Mkulima ni yule analima," alisema Wasike. "Na kuna watu hapa wamejiunga na hawajui jembe. Mwenyekiti, bila kumtaja mtu."

Mwenyekiti, aliyekuwa na nyumba za kupangisha mjini na hakuwa na shamba, alikohoa. "Hawa watu ndio wametuweka hapa," akasema. "Tuwaheshimu. Fildi iitwe MHESHIMIWA MKULIMA."

Wakapiga makofi. Mimi nikainua mkono, nikaruhusiwa kama mtu anayeomba kwenda chooni. Nikawaeleza kwamba programu yetu inakubali jina la fildi lisilozidi herufi kumi, bila nafasi katikati. Zinazozidi inazikata.

"Itabaki nini?" akauliza mwenyekiti.

Nikahesabu kwa vidole. "Itabaki MHESHIMIWA."

Akafikiri. "Hiyo ni sawa," akasema. "Hiyo ni sawa kabisa." Na ndiyo sababu, kama mmewahi kujiuliza, faili lenu la zamani lina fildi ya MHESHIMIWA na ndani yake kuna watu wa kawaida tu.

Ajenda ya pili ilikuwa mahali. Protus alikuwa ameandika kituo cha Lugulu kwa tahajia mbili katika orodha moja, Lugulu na Rugulu, na kompyuta ikavihesabu kuwa vituo viwili. Bwana Wasike aliposikia kwamba upande wake umeongezeka kituo, alikataa kifutwe. Mjadala ukaendelea hadi harufu ya pilau ikaingia kupitia dirisha. Makoti yalikuwa yameshavuliwa. Ikabaki ajenda ya mwisho: fildi ya kuonyesha kama mwanachama yupo au amefariki. Protus akasoma pendekezo: jina HALI, aina herufi, upana moja.

"Herufi moja tu?" akauliza Kirwa.

"Nafasi ya diski ni kidogo," akasema Protus.

"Hali ni hali," akasema mwenyekiti, akisimama. "Imepita. Twende tukule."

Protus alijaribu kusema neno, nami nikajaribu, lakini viti vilikuwa tayari vinaburutwa. Jina likakubaliwa, aina ikakubaliwa, upana ukakubaliwa. Hakuna mjumbe aliyetaka kujua ni herufi gani itakayoingia mle ndani. Kila ofisi ilikuwa na herufi zake tangu enzi za kadi, na kila ofisi ilijua kwamba zake ndizo zinazojulikana na watu wote.

Laini ilizinduliwa kwa utepe, sala na soda. Mambo yakaenda. Halafu, wiki chache baadaye, Protus akanipigia kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea.

"Lodah. Huko Kitale kuna ugonjwa gani?"

"Ugonjwa? Mbona?"

"Watu wenu wamekufa sana, bana. Pole sana. Sisi tumetuma barua za rambirambi mpaka karatasi imeisha."

Mfumo wa Bungoma ulikuwa na uungwana huo: ukimkuta marehemu kwenye faili, ulimchapia mrithi wake barua ya pole na kumwalika aje kuona mahindi yaliyobaki. Nikamwambia Protus kwamba huku hatujasikia msiba wowote. Hapo hapo nilikuwa na rundo langu la mshangao mezani. Mialiko ya mkutano mkuu tuliyopeleka kwa wanachama wa Bungoma ilikuwa inarudi, na familia zilikuwa zimeandika juu ya bahasha maneno ambayo kanisani hayasemwi. Tulikuwa tumewaalika marehemu wao, na kuwaomba wafike mapema. Walio hai hawakualikwa hata mmoja.

Bwana Kirwa alinituma Bungoma. Nilipanda lori la chama lililokuwa linapeleka magunia matupu, tukapitia Kamukuywa, na tulipofika nikakuta trela ya trekta imeegeshwa uani na ndani ya ofisi kuna kelele.

Mbele ya meza ya Bwana Wasike alikuwa amesimama mama wa makamo, mrefu, kitambaa kichwani, mkoba kwapani. Jina lake Selina Nekesa, mjane, nyumbani kwake ni karibu na Kamukuywa. Alikuwa ameweka mahindi Kitale baada ya mavuno, na sasa amekuja kuchukua magunia sita, maana watoto walikuwa wanarudi shule ya bweni, na shule ilikuwa imesema kila mzazi alete mahindi. Kwenye benchi, amekaa na kofia magotini, alikuwa shemeji yake, ndugu wa marehemu mume, ambaye alikuwa na barua ya pole. Ile trela ilikuwa yake.

"Shemeji," mama alikuwa anamwuliza, "wewe umenikuta hapa mlangoni tukasalimiana. Umeniuliza habari ya watoto. Bado unataka mahindi ya marehemu?"

"Mimi sijasema umekufa," akasema shemeji, akiitazama kofia. "Ni ofisi imesema. Mimi nimekuja tu kwa sababu nimeitwa."

Bwana Wasike aligeukia kwangu kama mtu aliyeona gari la zimamoto. "Huyu ndiye mtaalamu wa Kitale. Madam, mwambie huyu mama. Mimi kwa macho naona yuko. Lakini mfumo unakataa."

"Nimeleta barua ya chifu," alisema Mama Selina, akaitoa.

Wasike akaisoma tena, nadhani kwa mara ya tatu. "Chifu anasema mwenye barua anajulikana kwake na ni mtu mwenye tabia njema. Haijasema yuko hai."

"Marehemu anapewa barua ya tabia njema?"

"Mama, si hao ndio hupewa zaidi?" akasema Wasike, na naamini hakukusudia mzaha.

Niliingia chumba cha kompyuta kwa Protus, mama akanifuata bila kuombwa. Protus akapiga simu Kitale, modemu ikalia, jina likatokea. Kwenye skrini yake, ambako programu yao iliigeuza herufi kuwa neno kamili, karibu na Selina Nekesa liliandikwa: HAYUPO.

"Hayupo ndiyo nini?" nikauliza.

"Si ni kusema amefariki kwa heshima? Sisi hapa hatuandiki amekufa. Ni lugha mbaya."

Mama Selina alikuwa ameinama nyuma yetu. "Na mzee wangu je?" akauliza. "Wanjala. Alikuwa mwanachama kabla yangu, huko huko Kitale. Hebu tuone."

Protus akatafuta. Jina likaja. Karibu nalo: MZIMA.

Mama aliitazama ile skrini, midomo imebana. Mzee alikuwa amelala kaburini miaka kadhaa, na yeye ndiye aliyemwosha. Kisha akasema, polepole, "Basi kama yeye ndiye mzima, mwambieni aje abebe mahindi. Mimi nimechoka."

Protus alianza kucheka, akajizuia, akaniangalia, na tukafikiri jambo lile lile kwa wakati mmoja. Nikamwuliza ndani ya fildi kuna herufi gani, si neno, herufi yenyewe. Kwa mama ilikuwa H. Kwa mume ilikuwa M.

Kwetu Kitale H ilikuwa hai, na M ilikuwa marehemu. Kwao Bungoma H ilikuwa hayupo, na M ilikuwa mzima. Nyumba zote mbili zilichagua herufi mbili zile zile, kila moja kwa akili timamu, na kila aliyekuwa anapumua upande mmoja alizikwa upande wa pili. Aina ilikuwa sawasawa. Upana ulikuwa sawasawa. Jina lilikuwa limepitishwa na kamati.

Tukampelekea Bwana Wasike habari. Nilidhani atafurahi. Alichukua simu akampigia Bwana Kirwa, na nilisikia upande mmoja tu wa maongezi.

"Si nyinyi mbadilishe yenu... Hapana, Bwana Kirwa. M ni mzima hata mtoto anajua... Marehemu? Nani anasema marehemu siku hizi, ati?... Basi lirudi kwa kamati." Akaweka simu. "Litarudi kwa kamati," akatuambia. "Mkutano ujao."

"Ni lini?" akauliza Mama Selina.

"Mwenyekiti akirudi safari."

"Na shule zinafunguliwa wiki hii."

"Mama, mimi nakuelewa kabisa. Lakini nikitoa mahindi ya mtu ambaye mfumo unasema hayupo, mkaguzi akija mimi ndiye sitakuwepo."

Mama Selina akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa. Akaweka mkoba magotini, akafikiri. Kisha akauliza kwa sauti ya upole kabisa, sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya, "Mwanachama akifa, chama hufanya nini?"

"Tunatuma pole," alisema Wasike.

"Nimeiona hiyo. Na kitu kingine?"

Wasike alisita. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni alizijua. "Familia inaruhusiwa kuchukua mahindi ya matanga. Kutoka yale yake marehemu. Siku hiyo hiyo, bila kungoja mrithi kuthibitishwa. Maana waombolezaji hawawezi kungoja."

"Magunia mangapi?"

"Kadiri ya waombolezaji."

"Basi nipe ya matanga yangu," akasema Mama Selina. "Nataka sita. Nitaomboleza mwenyewe, na watoto wangu watanisaidia huko shule."

Protus alikuwa amegeuka ukutani, mabega yanatikisika. Mimi nilimtazama Wasike, na nakumbuka uso wake vizuri: hakukasirika. Alifurahi. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile kanuni na macho yake vilikuwa vinasema kitu kimoja. Akafungua droo, akatoa stakabadhi ya matanga, akajaza jina la marehemu, na penye sahihi ya ndugu wa karibu akamwonyesha mama kwa kidole. Mama akatia sahihi.

"Pole sana, mama," Wasike akasema, kwa mazoea.

"Asante, mwanangu. Nimekwisha poa."

Shemeji alikuwa ameinuka, anaelekea mlangoni kimya kimya, kofia tayari kichwani. Mama akamwita. "Shemeji, unaenda wapi? Msiba ni wa familia. Na wewe ndiye umekuja na trela." Wapakiaji wa ghala waliyabeba yale magunia mpaka kwenye trela bila kuambiwa mara mbili. Wakati trekta linatoka getini mama alikuwa ameketi juu ya magunia yake, na shemeji yuko kwenye usukani, ameinamisha kichwa kama mtu anayeongoza jeneza.

Ninyi mtasema, si mngegeuza tu herufi, H iwe M na M iwe H, kazi iishe jioni ile? Hata mimi nilisema hivyo. Protus ndiye aliyenikumbusha kwamba faili ni moja na liko kwenye diski moja. Tangu utepe ukatwe, makarani wa Kitale walikuwa wanaandika humo herufi zao na makarani wa Bungoma zao. Zilikuwa zimechanganyika kama mahindi na maharagwe ya githeri. Ukigeuza zote, unafufua nusu na kuzika nusu nyingine.

Kamati ilikutana, hatimaye, ikakubali fildi ipanuliwe na neno liandikwe lote, HAI au AMEFARIKI. Ilichukua kikao kizima kwa sababu mwenyekiti aliona AMEFARIKI ni neno zito kwa mtu aliyeitwa MHESHIMIWA. Lakini neno jipya halikutuambia nani ni nani. Ilibidi tuwaulize watu. Tukazunguka sokoni kwenye siku za soko, mimi na Protus, na meza ya kukunja, karatasi zilizochapwa na kipaza sauti cha kuazima kanisani. Kamukuywa ndiyo ninayoikumbuka zaidi.

"Wanachama wote walio hai," Protus alitangaza, "mje mjionyeshe! Walio hai tu, tafadhari!"

Walikuja. Wengine waliona ni jambo la kawaida la serikali, wakapanga foleni na vitambulisho mkononi. Mama mmoja aliweka kuku wake mezani ili mikono yote iwe huru kuthibitisha. Mzee mmoja ambaye hakuwa mwanachama alikataa kuondoka mpaka tumwandike hai. Alisema mke wake ana mashaka. Wawili walikuja kumripoti mwenzao kuwa amefariki, naye alikuwa nyuma yao kwenye foleni, akawasikia, na ikabidi niwaachanishe. Mama Selina alipita akiwa na kikapu cha mboga. Tukamwandika HAI, naye akatuuliza kama atarudisha magunia ya matanga. Protus akamwambia chama hakina kanuni ya aliyefufuka.

Alasiri, watu walipopungua na wauza mitumba wakaanza kufunga, alikuja mzee aliyekuwa ameketi mbali tangu asubuhi kwenye ngazi ya duka. Alivaa koti zito ingawa palikuwa na joto. Akaamkiwa, akaitikia, akataja jina la mwanawe. Protus akapitisha kidole kwenye karatasi.

"Huyu hapa. Imeandikwa H. Hana mahindi garani. Ako hai, mzee?"

"Hapana," mzee akasema. "Alienda. Ni lori lilianguka. Tulimzika nyumbani."

Protus akasema pole, akachukua kalamu.

"Ngoja kwanza, kijana." Mzee aliweka kiganja juu ya karatasi, taratibu, kama anayetuliza ng'ombe. "Ile barua ya mkutano ilikuja na jina lake juu. Mama yake ameiweka. Hakuna mtu ameandika jina la huyo mtoto tangu tulipomzika. Si mtaandika tena mwaka ujao?"

"Mzee, hiyo ilikuwa makosa ya kompyuta."

"Najua ni makosa. Nauliza tu. Hiyo makosa inawaumiza mahali?"

Protus, ambaye mchana kutwa alikuwa amepiga kelele za usahihi mpaka sauti ikakauka, aliniangalia. Nilifikiria ghala: hakukuwa na gunia hata moja kwa jina lile. Nilifikiria mrithi: hakuna cha kurithi. Nilimfikiria mkaguzi, na sikumwona akija mpaka Kamukuywa kutafuta mtu wa kukosa kuhudhuria mkutano, maana hata walio hai wengi hawahudhurii.

Protus alifunga kalamu.

Basi, ndugu zangu, mnapohamishia lile faili kwenye mashine mpya, nasikia mna programu ya kusafisha, inayowatoa walioalikwa kila mwaka wasitokee. Mtamkuta mmoja wa Kamukuywa. Fildi ya HALI inasema HAI, ya magunia ina sufuri, na hajawahi kutia sahihi popote. Mama yake bado yuko. Mpelekeeni mwaliko wake, na jina mliandike vizuri, kwa l, si kwa r ya Protus.